Dari Inayotoka Jasho: Tahadhari kwa Wajenzi wa Kigoma na Ujiji

Kwa yeyote anayejenga, anayekarabati au anayepangisha nyumba kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, na katika vijiji vya mwambao vilivyo juu na chini ya hapo: kama umeuziwa bodi nyeupe, ngumu, za bei nafuu, ukaambiwa ni bodi za magnesiamu zisizoungua moto wala kuliwa na mchwa, usizipigilie bado. Ziweke pakavu. Huenda ni nzuri, huenda zimebeba ndani yake kitu kitakachokuozea papi, kukulia skrubu na kukudondoshea maji kitandani bati likiwa zima kabisa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na mvua zikishaanza utakuwa umechelewa.

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningepanda ngazi kuitafuta darini. Mwezi Machi nilikwenda Ujiji kumjulia hali shangazi. Nilimkuta ameweka beseni katikati ya sebule, na jingine pembeni ya kabati la vyombo. Bodi za dari ziliwekwa wakati wa kiangazi, mwezi wa saba, kwa fedha za mawese alizozikusanya kidogo kidogo kwa misimu mitatu. Mvua zilipokolea, dari ikaanza kudondosha. Fundi aliitwa mara tatu kuziba bati. Mara ya tatu ndiyo nilikuwepo. Alipanda, akakaa juu kwa muda, kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo uone mwenyewe. Bati hili halivuji. Kenchi juu ni kavu, nyumba ya buibui kavu. Maji yako kwenye bodi tu."

Akapitisha kidole chini ya bodi, mahali palipokuwa na matone madogo yaliyojipanga kama jasho kwenye paji la uso, akakigusisha ulimini. Uso ukamkunjamana. "Chungu! Hii siyo mvua."

Alikuwa amemaliza somo kabla sijalianza. Maji ya mvua hayana uchungu. Uchungu ule ni wa kloraidi ya magnesiamu, na kuzunguka kila skrubu ilikuwa imechora duara la kahawia linaloshuka kama machozi. Skrubu moja aliyoijaribu kwa bisibisi ilikatika kichwa. Ilikuwa na umri wa miezi minane.

Ili kuelewa kilichotokea hatuhitaji maabara, tuanzie jikoni. Kila mwenye nyumba Kigoma anaijua tabia ya chumvi ya mawe wakati wa mvua: unaiacha usiku kwenye kopo lisilo na mfuniko, asubuhi imelowa, siku ya tatu kuna maji chini. Hakuna aliyemwaga maji humo. Chumvi imeyavuta kutoka hewani. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka kwa namna hiyo hewa inapofikia takriban asilimia 75 ya unyevu wote inaoweza kuubeba kwa joto lile. Kloraidi ya magnesiamu haisubiri kufika huko. Kwake asilimia 33 tu inatosha. Ndiyo maana chumvi isiyosafishwa vizuri hulowa haraka kuliko ile safi: ndani yake kuna mabaki ya kloraidi hiyo hiyo, na ndiyo inayoanza kunywa. Sasa fikiria hewa ya Kigoma mwezi wa pili, usiku, mvua ikiwa imenyesha mchana kutwa na ziwa lipo hapo chini likipumua. Hewa hiyo haishuki chini ya asilimia 33 hata kwa dakika moja. Bodi yenye kloraidi iliyo huru ndani yake inakunywa usiku na mchana kwa miezi sita, na ikishajaa inaanza kutema.

Saruji inayoishika bodi hiyo si saruji tuliyoizoea. Ile ya mifuko, inayopakiwa bandarini kwetu kwenda Bujumbura na ng'ambo ya Kongo, ni saruji ya chokaa na udongo uliochomwa, na maji ni rafiki yake: ukishamwaga zege unalimwagilia siku kadhaa ili lipate nguvu, na nguzo ya gati inakaa majini miaka na miaka. Saruji ya magnesiamu ilielezwa mwaka 1867 na Mfaransa Stanislas Sorel. Alichukua unga wa oksaidi ya magnesiamu, akauchanganya na maji mazito ya kloraidi ya magnesiamu, ukaganda ukawa mgumu kama jiwe. Uligundulika kuwa na sifa za kupendeza sana. Unashika vumbi la mbao, makapi na nyuzi bila tabu. Hauungui. Unapata nguvu kwa siku moja. Unang'aa ukisuguliwa, hivyo Ulaya ilitengeneza sakafu na mawe ya kunolea kwa kutumia mchanganyiko huo kwa miongo mingi. Una kasoro moja ambayo ilijulikana karibu tangu mwanzo: haupatani na maji. Sindano ndogo za fuwele zinazoshikana na kuipa bodi ugumu wake zimejengwa kwa kloraidi ile ile, na maji yakikaa nazo muda wa kutosha zinavunjika, kloraidi inaachiwa, na kinachobaki ni hidroksaidi ya magnesiamu iliyo laini na isiyoshika kitu.

Kwa hiyo kuna madhara ya aina mbili katika bodi moja, na mafundi wengi huyachanganya. La kwanza ni kloraidi iliyobaki bila kazi tangu kiwandani, kwa sababu mchanganyaji aliweka maji ya chumvi kupita kiasi au unga wake ulichomwa kwa joto kali mno ukapoteza uwezo wa kuungana nayo. Hiyo huanza kutoka jasho msimu wa kwanza wa mvua. La pili ni kloraidi iliyokuwa imefungwa vizuri ndani ya fuwele lakini ikaachiwa polepole na unyevu na hewa ya ukaa. Hili huja taratibu, na ndilo linalonitisha zaidi kwa nyumba zetu, kwa sababu hewa ya ukaa inayotoka kwenye jiko la mkaa, pamoja na mvuke wa sufuria ya maharage, vyote hupanda moja kwa moja hadi darini. Jiko la ndani lisilo na dirisha la kutosha ndiyo sehemu mbaya kuliko zote za kuweka bodi hizi, na ndipo wauzaji wanapozisifia zaidi kwa kuwa haziungui.

Watu wa Dar es Salaam na Tanga wana faida moja ambayo sisi hatuna. Wamezaliwa wakiona bati likiliwa na upepo wa bahari. Wanajua kutu ya chumvi ni tofauti na kutu ya mvua, na fundi wa Pwani akiona kichwa cha msumari kinavimba anaanza kuuliza maswali. Sisi tumelelewa na maji baridi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, jambo lisilo la kawaida kwa maziwa mengi, lakini kloraidi yake ni kidogo. Unakunywa, unafua, unaoga, na ndoo ya bati inadumu. Meli ya Liemba ndiyo shahidi mkubwa. Ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isije ikatekwa, lakini kwanza mafundi walipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Grisi ilifanya kazi yake, na maji yasiyo na chumvi nyingi yakaisaidia. Kutokana na historia kama hiyo, mtu wa Kigoma hana mazoea ya kuiogopa chumvi ukutani. Tungepaswa kumuuliza mtu wa Uvinza, ambako maji chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Aliyekaa karibu na machemsho yale anajua chuma hufanywa nini na mvuke wenye chumvi.

Bodi hizi zinatuletea bahari mahali pasipo na bahari. Na hapa nasema karibu bila sitiari, maana kloraidi ya magnesiamu hupatikana kwa wingi kutoka maji ya bahari na maziwa ya chumvi. Huko Qinghai, magharibi mwa China, hubaki nyingi sana baada ya kutoa mbolea ya potashi katika maziwa ya chumvi. Ni rahisi, ipo tele, na kiwanda chenye haraka kina kila sababu ya kuongeza kidogo zaidi kwenye pipa.

Msiniambie kwamba haya ni ya nyumba moja ya Ujiji. Denmark, nchi yenye wahandisi na wakaguzi wa kutosha, iliingia katika shimo hili ikiwa macho. Kuanzia mwaka 2010 hivi, bodi za magnesiamu zilianza kutumika huko kama kinga ya upepo nyuma ya vifuniko vya nje vya kuta. Zilikuwa nafuu, haziungui, hazioti ukungu, zikawekwa kwenye maelfu ya nyumba. Kisha mafundi wakaanza kukuta matone ya chumvi juu ya bodi, skrubu zilizooza, mbao zilizoloa nyuma yake. Wadenmark wakaziita bodi zinazolia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walizipima na kuonyesha kwamba zinavuta maji kutoka kwenye hewa yenye unyevu mwingi mpaka maji ya chumvi yanachuruzika, na mwaka 2015 onyo likatolewa zisitumike tena kwa kazi ile. Zilizokwishawekwa zikalazimika kubanduliwa, ukuta kwa ukuta, jengo kwa jengo, na kesi za nani alipe zikaendelea kwa miaka. Hakuna dhoruba wala mafuriko yaliyozivamia nyumba hizo. Ilikuwa hewa tu. Na hewa ya vuli ya Denmark ina unyevu unaolingana na wa usiku wetu wa mvua. Tofauti ni kwamba yetu ina joto, na kutu hupenda joto.

Sydney nako, Australia, maghorofa ya miaka ya 1960 na 1970 yalitandikwa sakafu ya magnesiamu chini ya zulia ili kupunguza kelele za miguu. Miaka ilipita kimya. Bomba la bafuni likivuja, maji yakapita kwenye sakafu ile, yakabeba kloraidi hadi kwenye zege, na nondo zilizo ndani zikaanza kuvimba na kupasua. Nalitaja hili kwa faida ya wanaojenga gorofa Mwanga na kuzunguka stesheni, wasije wakashawishiwa kumimina sakafu ya namna hiyo juu ya zege lenye nondo.

Kwetu kuna jambo linaloongeza kasi. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, likapanda tena mwaka 2024, likaingia kwenye mialo na nyumba za ukingoni. Familia zilizohama zinajenga upya juu zaidi, kwa fedha kidogo na kwa haraka, na mtu mwenye haraka hununua kinachopatikana. Ziwa hili halijawahi kutulia mahali pamoja. Pale Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu. Leo unatembea kwa miguu kuufikia. Tunajua kuhama na ziwa. Hatujui bado kuhama na dari.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akisema mwalimu amepiga marufuku magnesiamu. Kasoro hii ina tiba, na tiba yake imetafitiwa kwa miongo kadhaa. Ila iko kwenye pipa la kiwandani, haiko kwenye kopo la rangi. Kosa kubwa ninaloliona ni la mafundi wanaoambiwa "paka rangi ya mafuta tabaka mbili, itatulia." Rangi inafunika uso mmoja. Bodi ina nyuso mbili, kingo nne na tundu kila mahali skrubu ilipopita, na kloraidi haijali imeingiliwa wapi. Rangi ikiziba chini, maji hujikusanya ndani na juu kwenye papi, ambako hakuna anayeyaona mpaka mbao imeoza.

Tiba ya kwanza ni kipimo. Unga wa magnesiamu uliochomwa kwa joto la wastani, wenye nguvu inayojulikana, ukichanganywa na maji ya chumvi kwa uwiano sahihi, huifunga karibu kloraidi yote na kubakiza unga kidogo wa ziada. Hapo jasho la msimu wa kwanza linapungua sana. Ya pili ni kuongeza kiasi kidogo cha asidi ya fosforiki au chumvi za fosfeti, mara nyingi asilimia moja hivi au pungufu ya uzito wa unga. Kiasi hicho kidogo hubadili namna fuwele zinavyokua na kuzifanya zihimili maji kwa muda mrefu zaidi, ingawa huchelewesha kuganda na kiwanda cha haraka hakipendi. Ya tatu ni majivu laini yenye silika, kama yale ya makaa ya mawe ya mitambo ya umeme, yanayoziba vinyweleo na kuungana polepole na magnesiamu kuwa gundi isiyoyeyuka. Hapa huwa nawaza makapi ya mpunga yanayotupwa kwenye mashine zetu za kukoboa, kwa kuwa majivu yake yamejaa silika. Kijana wa chuo cha ufundi anayetafuta utafiti wa maana ataukuta umerundikwa nje ya mashine.

Ya nne ndiyo ninayoiamini zaidi kwa nyumba ya mwambao: kuiacha kloraidi kabisa na kutumia salfeti ya magnesiamu badala yake, pamoja na asidi kidogo ya sitriki, ile ya malimau, ili fuwele imara zipate kujengeka. Salfeti haina ulafi wa maji ya hewani kama kloraidi wala haikimbilii chuma kwa ukali ule. Zamani bodi za salfeti zilikuwa dhaifu. Kwa nyongeza hiyo ya asidi zimepata nguvu ya kutosha dari na kizigeu. Hazifai kukaa majini, na yeyote anayekuambia bodi yoyote ya magnesiamu inafaa kukaa majini anakudanganya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "ni imara?" Kila bodi ikiwa kavu ni imara. Uliza: imefungwa kwa kloraidi au kwa salfeti? Uliza pia nguvu yake baada ya kulowekwa siku 28, ikilinganishwa na ikiwa kavu. Kiwanda kinachojua kazi yake kina jibu la namba, na kadiri namba hiyo inavyokaribia moja ndivyo bodi inavyohimili maji. Asiyekuwa na jibu, asikuuzie.

Na kama hakuna wa kumuuliza, jipimie mwenyewe. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Chini weka uji mzito wa sukari na maji, sukari nyingi kiasi kwamba nyingine ibaki bila kuyeyuka kitakoni. Maji yaliyoshiba sukari namna hiyo huishika hewa ya ndani ya ndoo kwenye unyevu wa takriban asilimia 85, sawa na usiku wa mvua hapa kwetu. Kata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, kimoja cha bodi ya magnesiamu na kingine cha jipsam ya kawaida. Pigilia skrubu ile ile katika kila kimoja, vining'inize kwa uzi bila kugusa sukari, funga, weka kivulini. Acha wiki mbili. Mwezi ni bora zaidi. Ukifungua ukakuta kipande cha magnesiamu kina matone au kimeloa na kuongezeka uzito huku cha jipsam kikiwa kikavu, au skrubu yake imeanza duara la kahawia, rudisha mzigo wote dukani.

Walimu wenzangu wa sekondari, nanyi mna kazi. Ukitwanga kipande cha bodi, ukakiloweka kwenye maji ya mvua usiku kucha na kuchuja, maji yaliyochujwa ni sampuli ya mazoezi ya kidato cha nne. Matone ya asidi ya naitriki, kisha naitreti ya fedha: ukungu mzito mweupe ni kloraidi. Sampuli nyingine, asidi ya haidrokloriki na kloraidi ya bariamu: weupe ni salfeti. Msitumie maji ya bomba wala ya ziwa, yana kloraidi yake kidogo itakayowapotosha. Wanafunzi wetu wanafanya jaribio hili kila mwaka kwa chumvi iliyotumwa kwenye kichupa, wakiisahau siku ya pili yake. Wapeni kipande cha dari ya nyumbani kwao wakipime, hawatasahau.

Kwa waliokwisha kuziweka, nina maneno machache na naomba myachukulie kwa uzito. Kwanza umeme. Maji yanayotoka kwenye bodi hizi ni maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua. Ukiona jasho au doa la kahawia karibu na soketi ya taa, zima swichi kuu, usiiguse taa hiyo, mwite fundi umeme kabla ya fundi dari. Usipange watoto walale katika chumba kinachodondosha. Kisha fungua bodi moja katika chumba kibaya zaidi, utazame papi na skrubu kwa nyuma. Kama mbao bado ni kavu na skrubu safi, unao muda. Toboa matundu ya hewa kwenye fisha bodi, ondoa jiko la mkaa ndani, na uangalie tena kila mwezi. Kama skrubu zinakatika, shusha zote kabla ya mvua zijazo. Ni gharama, naijua, shangazi alilia. Lakini alishusha kwa gharama ya bodi, na papi zake ziliokoka. Angeacha msimu wa pili angeshusha kenchi pia. Zikishashushwa msizirundike zikigusa bati, wala msizitandike karibu na tangi la maji ya mvua, na risiti msiitupe, kwa sababu bila hiyo hakuna wa kumdai.

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wengi wenu mnauza kwa imani njema bidhaa msiyoijua undani wake. Ninyi ndio mtakaobaki mkitazamana na wateja, aliyewaletea hayupo. Wekeni ndoo moja nyuma ya kaunta.

Na kwa Shirika la Viwango Tanzania, Manispaa ya Kigoma Ujiji na wote wanaosimamia ujenzi wa madarasa na zahanati katika mkoa huu: nyumba ya mtu mmoja ikidondosha ni mabeseni mawili sebuleni. Darasa likidondosha ni watoto themanini, na skrubu zikioza zote kwa msimu mmoja, bodi hiyo si nyepesi kama jipsam. Andikeni katika kila mkataba wa jengo la umma la mwambao huu kwamba bodi ya magnesiamu yenye kloraidi haipokelewi, na ile ya salfeti inapokelewa ikiwa na majibu ya kipimo cha unyevu yaliyofanyika kabla ya mzigo kushushwa. Sentensi mbili za mkataba zinatosha.

Mvua za kwanza hutufikia kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Kipande cha bodi kinahitaji wiki mbili ndani ya ndoo. Tafadhali, kiwekeni leo.